Wanamuziki Waliokataa Mtandao, na Viti Walivyoviacha

Tarehe 3 Mei 2000 gari lilisimama nje ya ofisi moja mjini San Mateo, California, maboksi yakaanza kushushwa. Yalikuwa 13. Ndani yake mlijaa karatasi, kurasa kama 60,000, na kwenye kurasa hizo yameorodheshwa majina 335,435 ya watu walionaswa, katika siku chache tu za mwisho wa wiki, wakigawiana nyimbo za Metallica kupitia programu ya Napster. Aliyeyasindikiza maboksi hayo ni Lars Ulrich, mpiga dramu wa bendi hiyo, akiwa na wakili wake. Pembeni walisimama mashabiki. Wengine walimzomea, wengine walitupa CD zake chini wakazivunja.

Ni nadra kumwona mwanamuziki akizomewa na watu wanaompenda kiasi cha kumwibia.

Napster wakati huo haikuwa hata imetimiza mwaka. Aliyeibuni, Shawn Fanning, alikuwa kijana aliyeacha chuo huko Boston. Ukiiweka kwenye kompyuta yako, nyimbo zako zinafunguka kwa mtu usiyemjua aliyeko Texas, na zake zinafunguka kwako. Hakuna duka, hakuna bei, hakuna wa kuuliza umepewa ruhusa na nani. Metallica walishtuka kwa sababu ya wimbo mmoja ambao hata haukuwa umekamilika. Walikuwa wakiutengeneza kwa ajili ya filamu ya Mission: Impossible II, mara wakasikia vituo vya redio vya Marekani vinaucheza. Wakafuata nyayo za wimbo wao, nyayo zikaishia Napster, na humo wakakuta karibu kila kitu walichowahi kurekodi. Tarehe 13 Aprili wakafungua kesi. Dr. Dre akafuata na ya kwake. Kufikia tarehe 11 Julai Ulrich alikuwa amekaa mbele ya kamati ya Seneti mjini Washington, akieleza maseneta jambo ambalo wengi wao walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza.

Kwenye maoni ya watu alishindwa mapema sana. Alionekana tajiri mchoyo anayewashitaki watoto wa mabweni. Isitoshe, kulikuwa na hoja ya kumsuta: Metallica wenyewe walikuzwa na kaseti za kunakiliana. Mwaka 1982, kabla hawajawa na albamu, kanda yao ya majaribio ilizunguka mkono kwa mkono kati ya vijana waliokuwa wakitumiana kaseti kwa posta, na baadaye bendi iliwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yake. Leo mnalia nini? Ulrich alikuwa na jibu ambalo wachache walikuwa na subira ya kulisikiliza: zile kanda tuliziruhusu wenyewe. Mwenye nyumba akikukaribisha ukala, umekula. Ukipita dirishani ukala chakula kilekile, hilo lina jina lingine.

Septemba ya mwaka huohuo Fanning alipanda jukwaani kwenye tuzo za video za MTV mjini New York akiwa amevaa fulana ya Metallica. Alipoulizwa ameipata wapi, akajibu kwamba amepewa na rafiki. Ukumbi ulicheka. Mwaka uliofuata, Julai 2001, Napster ilikuwa imezimwa na imepatana na Metallica nje ya mahakama. Kicheko kile, hata hivyo, hakikuzimwa na hakimu yeyote, na ndicho kilichowafundisha wanamuziki wengi waliofuata kwamba kuikataa teknolojia ni jambo moja, na kuwakataa wasikilizaji wanaoipenda ni jingine kabisa.

Hasira ya Ulrich ilikuwa na babu zake. Mwaka 1906 John Philip Sousa, mtunzi wa nyimbo za gwaride aliyekuwa maarufu kuliko wote Marekani, aliandika makala ya kuishambulia santuri. Aliogopa kwamba mashine ikiimba sebuleni, watoto wataacha kujifunza vinanda na akina mama wataacha kubembeleza wenyewe. Bendi yake ilikuwa imesharekodi santuri chungu nzima, ila yeye binafsi hakupenda kuongoza kazi hizo. Ni rahisi kumcheka. Ukiacha mahubiri yake, alichokuwa anakidai kilikuwa cha kawaida sana: kampuni zilikuwa zinauza nyimbo zake bila kumlipa mtunzi hata senti. Sheria ya mwaka 1909 ikampa alichotaka, senti 2 kwa kila nakala. Baada ya hapo mashine haikumkera tena sana.

Lakini mgomo ninaoupenda kuusimulia, na ambao vijana wetu wa Bongo Fleva wangefaa kusimuliwa kabla ya kusaini mkataba wowote, ni wa mwaka 1942. James Caesar Petrillo, mpiga tarumbeta wa zamani kutoka Chicago, alikuwa rais wa chama cha wanamuziki wa Marekani. Alikuwa ameshaona filamu zenye sauti zikiwaondoa maelfu ya wapigaji waliokuwa wakiajiriwa kwenye majumba ya sinema. Sasa aliona baa zikiweka masanduku ya santuri badala ya bendi, na redio zikicheza sahani badala ya kuajiri watu. Mpigaji alikuwa analipwa mara moja studioni, halafu santuri aliyoipiga mwenyewe inakwenda kumnyang'anya kibarua cha Jumamosi. Petrillo akatangaza: kuanzia tarehe 1 Agosti 1942 hakuna mwanachama atakayerekodi tena.

Na hawakurekodi. Marekani ilikuwa vitani, Rais Roosevelt mwenyewe alimwandikia Petrillo akimwomba alegeze, na Petrillo akakataa. Kampuni zilikuwa zimejihami kwa kurekodi akiba kubwa kabla ya tarehe hiyo, lakini akiba haidumu. Ndipo zikagundua mlango wa uani: waimbaji hawakuwa wanachama wa chama kile. Basi Frank Sinatra akaingia studioni mwaka 1943 na kwaya nyuma yake ikiimba pale ambapo vinanda na tarumbeta vingepigwa. Sikiliza rekodi hizo leo, utasikia kitu cha ajabu, wimbo wa mapenzi usio na ala hata moja, kama harusi iliyosusiwa na wapishi. Kiti cha mgomaji hakikukaa wazi hata mwaka mmoja.

Pamoja na hayo Petrillo alishinda. Kampuni ya Decca ilisaini Septemba 1943. Columbia na RCA Victor, wakubwa wa soko, walisaini Novemba 1944, wakakubali kutoa kiasi fulani kwa kila santuri itakayouzwa kwenda kwenye mfuko wa wanamuziki. Fedha zile ziliwalipa wapigaji wasio na kazi ili wafanye maonyesho ya bure hospitalini, shuleni na viwanjani. Gharama ilikuwepo: muziki wa bebop ulizaliwa miaka hiyohiyo, na bendi ya Earl Hines ya mwaka 1943, iliyokuwa na Charlie Parker na Dizzy Gillespie pamoja, haikurekodi. Wanahistoria wa jazi bado wanaililia. Lakini mpiga fidla wa Ohio ambaye jina lake halikuwahi kuandikwa popote alipata hela ya mkate kutokana na santuri ambazo hakuzipiga.

Nimekaa sana kwa Petrillo kwa sababu baada yake kila aliyegoma aligoma peke yake.

Apple ilipofungua duka lake la nyimbo, iTunes, mwaka 2003, wapo waliosimama mlangoni wakakataa kuingia. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa ya kisanaa. Duka lile liliuza wimbo mmojammoja, na wao walitaka albamu ibaki nzima, kama mkeka ambao hauuzwi ukindu mmojammoja. AC/DC walisimama kwenye hoja hiyo karibu miaka kumi. Albamu yao ya mwaka 2008, Black Ice, nchini Marekani iliuzwa Walmart na kwenye maonyesho na tovuti yao tu, kwa CD, na wiki ya kwanza zikanunuliwa nakala zipatazo 784,000. Garth Brooks naye hakutaka kusikia habari za kuuza wimbo mmojammoja. Mwaka 2014 akaanzisha duka lake la mtandaoni, na miaka miwili baadaye akaenda Amazon.

Beatles ndio waliokuwa na kisa kirefu zaidi, na sanaa humo ilikuwa kidogo. Kampuni yao inaitwa Apple Corps, na tangu mwaka 1978 ilikuwa inagombana na ile Apple ya kompyuta kuhusu nani ana haki ya kutumia jina la tunda kwenye biashara ya muziki. Walipatana, wakagombana, wakapatana tena mwaka 1991, wakarudi mahakamani London, na mwaka 2007 ndipo jina likapata mwenyewe. Nyimbo zikaingia iTunes tarehe 16 Novemba 2010. Ndani ya wiki moja zikauzwa nyimbo milioni 2 na albamu 450,000 duniani, za watu waliokuwa wameachana miaka 40 kabla. Kwa AC/DC mlango ulifunguliwa Novemba 2012.

Ukiwatazama wote hao utaona wanafanana kwa jambo moja: hawakuwa na njaa. Nyimbo zao zilishauzwa kwa santuri, zikauzwa kwa kaseti, zikauzwa kwa CD kwa watu walewale. Kukataa duka moja kwao kulikuwa sawa na mwenye minazi mia kukataa kuuza madafu barabarani. Na hata wao viti vyao vilikaliwa. Mwaka 2008 Kid Rock alikuwa na wimbo uliotamba majira yote ya kiangazi Marekani, na alikuwa amegoma kuuweka iTunes. Watu wakautafuta, wakaukosa, wakakuta toleo la kuigiza lililoimbwa na kikundi cha studio kisichojulikana. Wakalinunua hilo. Toleo la kuigiza likaingia kwenye chati ya Billboard Hot 100 na kumpita mwenye wimbo.

Kisha likaja jambo ambalo liliwachanganya hata waliokuwa wameshazoea kuuza. Spotify, kampuni iliyoanza Stockholm, ilifungua huduma yake mwaka 2008 kwa wazo jipya: usinunue wimbo, lipia kila mwezi usikilize zote. Au usilipe, uvumilie matangazo. Tarehe 6 Desemba 2012, mjini New York, Spotify iliwaalika waandishi wa habari kushuhudia Metallica wakiingia kwenye huduma hiyo. Jukwaani alikuwapo Lars Ulrich. Kando yake alikaa Sean Parker, aliyekuwa mwanzilishi mwenza wa Napster na sasa mwekezaji wa Spotify. Walisalimiana kama mashemeji waliomaliza kesi ya mahari.

Thom Yorke wa Radiohead hakufurahia mapatano ya namna hiyo. Julai 2013 yeye na prodyuza wake Nigel Godrich waliondoa Spotify kazi zao kadhaa zilizokuwa nje ya Radiohead, wakisema wazi kwamba wanapigania wanaoanza, kwa sababu wanamuziki wapya hawalipwi chochote cha maana kwa mfumo ule. Wapo waliowacheka wakisema wamejaza matumbo ndiyo maana wanaweza kususa. Lakini nani mwingine angesusa? Anayeanza hana nafasi hiyo, na akisusa hakuna atakayejua kwamba amesusa.

Mwaka uliofuata akasusa ambaye kila mtu alijua kwamba amesusa. Tarehe 3 Novemba 2014 Taylor Swift aliondoa albamu zake zote Spotify, wiki moja baada ya kutoa 1989, ambayo ilikuwa imeuza nakala karibu milioni 1.3 Marekani kwa siku saba. Juni 2015 akaandika barua ya wazi kwa Apple, iliyokuwa inataka kuwapa wateja wake wapya miezi mitatu ya bure bila kuwalipa wanamuziki kwa miezi hiyo. Barua ilitoka Jumapili asubuhi; kabla Jumapili haijaisha Apple ilikuwa imebadili msimamo. Hilo ndilo tukio pekee ninalolijua la miaka hii ambapo mtu mmoja aligoma na wengine wengi wakafaidi mara moja. Kule Spotify alirudi tarehe 9 Juni 2017, siku ileile ambayo Katy Perry, ambaye walikuwa hawapatani, alikuwa anatoa albamu mpya. Sadfa tu, nadhani.

Ugomvi wenyewe hauko kwenye senti ngapi kwa wimbo, ingawa ndivyo huandikwa. Huduma hizi hazilipi kama mnunuzi wa chungwa, hela hii kwa chungwa hili. Fedha za wateja na za matangazo za mwezi mzima huwekwa kwenye chungu kimoja. Kampuni huchota kama theluthi moja, na kinachobaki hugawanywa kwa wenye haki kulingana na sehemu ya kila mmoja katika jumla ya nyimbo zote zilizosikilizwa. Chukua mzee wa Tanga anayelipia kila mwezi na kusikiliza taarabu ya Black Star peke yake, nyimbo tano baada ya Isha, halafu analala. Kuna kijana ambaye simu yake inacheza muziki saa 18 kwa siku. Wote wamelipa sawa. Lakini kijana amehesabiwa mamia ya mara, mzee mara tano, na sehemu kubwa ya shilingi za mzee imekwenda kwa mwimbaji wa Atlanta ambaye mzee hajawahi kumsikia. SoundCloud ilijaribu njia nyingine mwaka 2021, ya kumlipa msanii kutokana na fedha za wasikilizaji wake mwenyewe. Wakubwa hawakufuata. Spotify, kuanzia mwaka 2024, iliongeza sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 hauhesabiwi kabisa kwenye mgawo.

Na bado fedha hizo hazijamfikia msanii. Zimefika kwa mwenye haki ya rekodi, na huyo mara nyingi ni kampuni. De La Soul, kikundi cha rap kutoka Long Island, walikaa nje ya mtandao miaka mingi bila kupenda. Albamu zao za zamani zilishonwa kwa vipande vya nyimbo za watu, mikataba ya vipande hivyo ilisainiwa kabla mtandao haujafikiriwa, na mkanda mama, yaani rekodi ya asili, ulikuwa wa kampuni yao ya rekodi. Mwaka 2019 kampuni ilipotaka kuziachia, kikundi kilijitokeza hadharani kikawaambia mashabiki kwamba kwa mgawo uliopendekezwa wao wangeambulia asilimia 10. Mashabiki wakasusa, Jay-Z akazizuia Tidal, mpango ukasimama. Kampuni iliuzwa mwaka 2021, wamiliki wapya wakakaa mezani na kikundi, na nyimbo zikapangwa kutoka tarehe 3 Machi 2023. Dave Jolicoeur, mmoja wa watatu hao, alifariki tarehe 12 Februari. Alikosa kwa siku 19.

Hapo kwenye mkanda mama ndipo simulizi hii inapofika nyumbani.

Kizazi changu kilirekodi redioni. Unakaa na kidole juu ya vitufe viwili, wimbo unaanza, unabonyeza, na mtangazaji anaongea hadi mwimbaji anafungua mdomo. Ulimlaani kimoyomoyo, na bado kaseti ile uliitunza, ikinasa unaizungusha kwa kalamu ya Bic. Waliokuwa na hela walikwenda Kariakoo kununua halisi, kama ilikuwa halisi. Maana msanii wa wakati ule alikuwa anampelekea msambazaji mkanda mama, anapewa hela ya mkupuo, na kuanzia hapo idadi ya nakala zinazotoka ni siri ya msambazaji na Mungu wake. Baadaye zikaja CD za kuchoma, kisha vibanda vya kuingiziwa nyimbo: unampa kijana flashi au memori kadi, unampa na hela ya soda, anakujazia Bongo Fleva, singeli, kwaya na hotuba moja ya Mwalimu ambayo hukuiomba.

Kabla ya hao wote walikuwapo wazee wa dansi. NUTA, Mlimani Park, Vijana Jazz, Cuban Marimba ya Morogoro. Kazi zao nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sababu nchini hapakuwa na pengine pa maana, na mikanda ikabaki kwenye rafu za redio. Leo ukiandika jina la wimbo wao kwenye YouTube utaukuta, umewekwa na mtu asiyefahamika, picha ikiwa ya machweo ya jua au ya bendi nyingine kabisa. Matangazo yanapita hapo, na hela inayotokana nayo inakwenda mahali fulani. Wazee hawa hawakuukataa mtandao wala kuukubali. Ili ukatae lazima kwanza uulizwe.

Waliokataa bila kuulizwa ni AY na MwanaFA wa Bongo Fleva. Mwaka 2012 waliishitaki kampuni ya simu ya Tigo, wakidai kwamba nyimbo zao zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2, na mvutano wa rufaa ukafuata kwa miaka. Vijana wawili kutoka kwenye muziki ambao wazazi wetu waliuita wa kihuni walikuwa wamefanya alichofanya Ulrich, isipokuwa wao hawakuwagusa mashabiki. Walikwenda kwa mwenye mnara. Hakuna aliyevunja CD zao. MwanaFA, Hamis Mwinjuma kwa jina lake la bungeni, mwaka 2023 akawa Naibu Waziri kwenye wizara yenye sanaa ndani yake.

Wengine hawana muda wa kesi. Msanii wa leo wa Manzese au Kayole akimaliza wimbo usiku, asubuhi uko Boomplay, Audiomack, YouTube, na tangu Februari 2021, Spotify ilipofunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda kwa mpigo, uko huko pia. Diamond Platnumz alijaribu kujenga duka la kwake, Wasafi.com, mwaka 2017, ila hata yeye hakuthubutu kuondoka YouTube. Ukimuuliza kijana kwa nini anaweka wimbo kila mahali wakati malipo ni ya kuhesabu kwa hadubini, atakwambia hela iko kwenye shoo, na shoo haiji kama wimbo hausikiki. Hesabu yake ni sahihi. Ndiyo hesabu ileile ya Metallica na kaseti zao za mwaka 1982.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumwambia agome. Ningemwambia akatafute wenzake, na najua angenicheka, kwa sababu vyama vya wasanii wetu anavijua. Huko Marekani wamejaribu: mwaka 2020 chama kipya cha wanamuziki kiliitaka Spotify ilipe senti 1 kwa kila usikilizaji, na mwaka 2024 wabunge wawili walipeleka muswada wa kuongeza tozo kwenye ada za wateja iende moja kwa moja kwa wasanii. Kufikisha muswada ni jambo moja, lakini Petrillo alikuwa na kitu ambacho hawa hawana. Alipotoka studioni alitoka na kila mpiga tarumbeta wa nchi. Mtandao hauna studio ya kufunga.

Mwaka 2025 wimbi jipya la kususa lilianza, na safari hii halikuhusu hela. Daniel Ek, mwanzilishi wa Spotify, alikuwa ameongoza uwekezaji wa mamia ya mamilioni ya euro katika Helsing, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza teknolojia ya kivita, zikiwemo droni. Mwezi Juni bendi ya Deerhoof ikatangaza kwamba inaondoa nyimbo zake. Julai wakaondoka King Gizzard & the Lizard Wizard, bendi ya Australia inayotoa albamu kama kuku wa mayai. Massive Attack wa Bristol wakafuata Septemba. King Gizzard walizipeleka kazi zao Bandcamp, wakamwambia msikilizaji alipe anachotaka, hata kama ni sifuri.

Miezi michache baadaye mashabiki waliokuwa wakipekua Spotify walikuta bendi wasiyoijua, yenye jina linalofanana na la King Gizzard hadi ukilisoma haraka hushtuki. Nyimbo zilikuwa na majina yaleyale na maneno yaleyale. Sauti haikuwa ya binadamu. Zilikuwa zimetengenezwa na akili unde, na huduma yenyewe ilikuwa ikiwapendekezea watu waliozoea kuwasikiliza wale walioondoka. Habari ilipoenea, Spotify ikaziondoa. Kufikia hapo zilikuwa zimeshasikilizwa na watu waliodhani kwamba bendi yao imerudi.

Mwaka 1943 kampuni ililazimika kumtafuta Sinatra na kwaya nzima. Mwaka 2008 ilibidi kukodi waigaji studioni. Sasa hata mwigaji hahitajiki.